Udongo Usiochomwa

Kila Jumanne ya kliniki, kabla hajapima presha ya mtu wala kumpandisha mtu kwenye mzani, sista Sesilia aliuliza swali lile lile, kwa sauti ya mwalimu anayeita mahudhurio: nani hapa anakula udongo? Wajawazito waliojipanga kwenye mabenchi waliangaliana, wakacheka, kisha wakainamia miguu yao iliyovimba. Hakuna aliyekula. Nje ya geti, hatua ishirini tu, kina mama watatu walikuwa wamekaa na masinia ya udongo, na kufikia saa nne asubuhi masinia hayo huwa matupu. Ungewasikiliza wale wa mabenchini ungedhani udongo wa Kibamba unaliwa na wanaume.

Vaileth naye alicheka, tena kuliko wenzake, maana yeye ndiye aliyetakiwa kuwa wa mwisho kushukiwa. Alikuwa fundi wa maabara, mwenye cheti na koti jeupe, na kazi yake kutwa nzima ilikuwa kuchunguza vinavyoishi ndani ya udongo. Mkobani mwake, chini ya kadi ya kliniki, kulikuwa na vipande vinne vya udongo vilivyofungwa kwenye leso.

Hii ilikuwa mimba yake ya pili. Ya kwanza ilitoka ikiwa na wiki ishirini na tano, kwa sababu ya yutiai, yale maambukizi ya njia ya mkojo, aliyoipuuza akidhani ni uchovu wa kawaida, mpaka ikapanda kwenye figo, homa ikawaka, na uchungu ukaanza kabla ya wakati. Walikuwa wameshanunua nguo na beseni. Mumewe Edgar alivifunga vyote akavipeleka kwa dada yake Pugu, na safari hii alikataa kitu chochote cha mtoto kisiingie ndani ya nyumba mpaka mtoto mwenyewe aingie kwanza. Sasa Vaileth alikuwa wiki ya ishirini na nne, na yutiai ilikuwa imerudi.

Safari hii hakuchelewa. Alipewa vidonge vya rangi mbili, vile vya kopo ambavyo kila mtu anavijua, akameza siku saba. Maumivu yalitulia siku mbili yakarudi. Akapewa tena. Sasa alikuwa siku ya tano ya dozi ya pili, na bado kila akienda haja ndogo alikuwa anang'ata meno. Sista Sesilia alimuuliza kama anameza vizuri. Akajibu anameza kwa saa, hajaruka hata kimoja, na hakudanganya.

Alichoacha kukisema ni kimoja tu. Vile vidonge vilimchefua. Tangu mimba ilipokuwa changa alikuwa amegundua kwamba kitu pekee kinachotuliza tumbo lake ni kipande cha udongo, kwa hiyo alikuwa na utaratibu wake: kidonge, maji, halafu udongo nyuma yake. Kidonge kikashuka, udongo ukakifuata kukishikilia kisirudi. Alikuwa akijisifu moyoni kwamba hajatapika dozi hata mara moja.

Siku hiyo hiyo ya Jumanne, kutoka kliniki, alikwenda kazini. Maabara yao ilikuwa ndogo, vyumba vitatu kwenye nyumba iliyokodiwa upande wa Kinondoni, na bosi wake alikuwa Dokta Afrah, mwanamke wa miaka hamsini kutoka familia ya Kiarabu ya wauza vitambaa, aliyewaudhi ndugu zake wote kwa kukataa kukaa dukani na kwenda kusomea uchafu, kama wenyewe walivyouita. Dokta Afrah aliupenda udongo kupita kiasi. Siku ya kwanza Vaileth alipoajiriwa, mvua ilikuwa inaanza, na Dokta alimpeleka dirishani akamwambia avute hewa. Ile harufu nzuri ya ardhi ikinyeshewa, alimwambia, si ya mvua wala si ya mchanga. Ni ya bakteria wanaoishi udongoni, maji yakiwagonga ndiyo harufu yao inapanda. Vaileth alikaa na neno hilo siku nyingi, kwa sababu tayari alikuwa mjamzito na harufu ile ilikuwa inamtoa mate.

Kazi waliyokuwa nayo mwaka huo ilihusu mabanda ya kuku wa Madale. Wafugaji wanawawekea kuku dawa kwenye maji ili wasife. Dawa inatoka na kinyesi, inaingia ardhini, na ukiendelea hivyo miaka, ardhi ya nyuma ya banda inakuwa imelowa antibayotiki. Ungetarajia kila kijidudu kife pale. Lakini wapo wasiokufa, na miongoni mwao wapo waliokwenda mbali zaidi: wanaikata dawa vipande vipande na kuifanya chakula. Dokta Afrah alitaka kuwajua hao. Wangeweza kusaidia kusafisha samadi kabla haijamwagwa kwenye mchicha wa watu.

Jaribio lenyewe halikuwa na mbwembwe. Udongo unatiwa kwenye chupa ya maji yenye dawa na chumvichumvi kidogo, bila chakula kingine. Baada ya siku mbili unachukua tone la maji yale, unaliweka katikati ya kisahani kilichooteshwa bakteria wanyonge wanaouawa na dawa hiyo. Kama dawa bado imo, kesho yake utakuta duara safi mahali pa tone, wanyonge wote wamekufa. Kama dawa imeliwa, hakuna duara. Kisahani kimejaa ukungu wa bakteria kutoka ukingo hadi ukingo.

Siku hiyo Vaileth alifungua kabati la joto akatoa kisahani cha Madale nne, sampuli ya banda la nne. Hakikuwa na duara. Alipaswa kufurahi; Dokta Afrah alifurahi, akapiga meza kwa kiganja. Vaileth alisoma jina la dawa kwenye karatasi ya chupa, jina alilokuwa ameliandika mwenyewe kwa mkono wake. Ilikuwa rangi mbili. Ndiyo ile ile iliyokuwa mkobani, jirani na ile leso.

Alikiweka kisahani chini polepole, akaenda msalani, akakaa.

Akajituliza kwa hoja. Udongo wa kula unachomwa. Kila mtu anajua unachomwa. Moto unaua kila kitu, na wake ulikuwa wa Mama Kokuberwa, mtu msafi kuliko wote mtaani. Mama Kokuberwa alikuwa jirani yao pale Kibamba, mjane wa Kihaya aliyemchukua Vaileth kama binti yake tangu ile mimba ya kwanza ilipotoka. Alifuga kuku wa nyama kwenye banda moja na kuuza udongo mweupe uliotoka vilima vya Pugu, anaukanda, anaufinyanga vijiti, anauchoma. Jioni, kabla hajafika kwake, Vaileth alipita kwa Mama Kokuberwa, akaamkia shikamoo, akakaa kwenye kigoda, akauliza kama mtu anayepiga soga tu.

"Mama, huu udongo wako unauchomaga kwa muda gani?"

"Wa wateja nauchoma saa nzima," alisema Mama Kokuberwa. "Wako siuchomi, mwanangu. Si ulisema ukichomwa haunukii mvua? Mie nakuanikia wa peke yako."

Ni kweli alisema. Alikumbuka hata siku aliyosema, amekaa pale pale.

Mama Kokuberwa, kwa kuona amemfurahisha, alimshika mkono akamwonyesha. Nyuma ya banda alikuwa ametandika gunia la chakula cha kuku, na juu yake vijiti vyeupe vya Vaileth vimepangwa vinakauka juani. Pembeni kulikuwa na ndoo. Alieleza kwamba vifaranga wakipooza mbawa huwa anafungua vidonge vya rangi mbili vya binadamu na kuumwaga ule unga kwenye maji yao, maana dawa za dukani za kuku hazina nguvu siku hizi. Maji yakibaki hayamwagi. Ndiyo anayokandia udongo wa Vaileth, ule wa peke yake, kwa kuwa haupiti motoni.

"Nikasema angalau nikukandie kwa maji yenye dawa," alisema, "usije ukaumwa na tumbo ukampoteza na huyu."

Vaileth alimtazama yule mama na hakuweza kumkasirikia. Alimshukuru, akapokea vijiti vitano vipya, akaondoka. Njiani alihesabu: tangu mwezi wa tatu wa mimba hadi sasa, wiki kumi na kitu, udongo mbichi ukinyweshwa dawa kila wiki kwenye gunia lile lile. Kama ungemwomba Dokta Afrah akutengenezee mahali pa kufuga bakteria wanaokula dawa, asingetengeneza tofauti.

Nyumbani Edgar alikuwa anasahihisha madaftari. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na vidole vyake vilikuwa na chaki daima. Aliuliza kliniki wamesemaje. Vaileth akasema wamesema aendelee na dawa. Edgar akaangalia kalenda ya ukutani, ambako hakuandika kitu chochote, akarudi kwenye madaftari yake. Saa ya dawa ilipofika Vaileth alimeza kidonge kwa maji matupu. Dakika kumi baadaye kilirudi chote, na maji, na chakula cha jioni.

Kesho yake alifanya jambo ambalo fundi wa maabara hafanyi. Alikwenda mapema kuliko wote, akasaga kijiti kimoja, akatia kwenye chupa ya dawa. Kingine akakipika kwanza kwenye mvuke mpaka kila chenye uhai kikafa, akatia kwenye chupa ya pili, ili ajue kama ni vijidudu au ni udongo wenyewe. Akaandika Madale saba kwenye ya kwanza na Madale saba B kwenye ya pili, akazificha nyuma ya zile sita.

Siku tatu zile aliishi kwa shida. Aliapa hatagusa udongo, na mchana wa Alhamisi akajikuta amesimama chooni anatafuna kipande, machozi yanamtoka, na harufu ya mvua imemjaa puani. Ijumaa aliweka matone ya chupa zake mbili kwenye visahani. Mgongo ulianza kuuma upande wa kulia. Alijiambia ni kulala vibaya. Usiku alihesabu mateke ya mtoto, na yakichelewa alilibonyeza tumbo mpaka yule mtoto akamjibu kwa hasira. Alitaka kumwambia Edgar na hakuweza, kwa sababu ilibidi aanze na neno udongo, na akishasema hilo lingefuata swali ambalo mwenyewe alikuwa analikimbia: ile ya kwanza nayo ulikula?

Alikula, ndiyo, ingawa ule ulikuwa umechomwa. Hilo pia hakuweza kujua lina maana gani.

Jumamosi alichelewa kuamka kwa sababu ya baridi iliyokuwa inamtambaa mwilini. Alipofika maabara, Dokta Afrah alikuwa ameshafungua kabati la joto na kupanga visahani mezani, amevaa miwani yake miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Alikuwa na furaha ya mtoto wa siku ya Iddi.

"Vaileth, Madale saba ni wapi?" alisema. "Mie kwenye daftari nina Madale sita. Lakini huyu saba amekula dawa yote, amemshinda kila mtu. Nataka twende leo leo tukachukue udongo zaidi."

Vaileth aliangalia visahani. Saba hakikuwa na duara kabisa. Saba B kilikuwa na duara, lakini dogo, nusu ya linavyotakiwa kuwa. Alilisoma hilo kwa jicho la kazi kabla woga haujamfikia: vijidudu hai vimekula dawa, na hata vikifa, udongo peke yake umeshika sehemu ya dawa ukakataa kuiachia. Yeye mwenyewe alikuwa ameyatendea yale maradhi wema wa kila namna.

"Sio Madale, Dokta," alisema. "Ni wa mkobani mwangu."

Dokta Afrah alivua miwani ya machoni akabaki na ya kichwani.

"Wa kula?"

"Wa kula. Namezea dawa. Hiyo hiyo."

Halafu akayasema yote, amesimama vile vile ameshika ukingo wa meza: yutiai, dozi mbili, ndoo ya kuku, gunia, harufu ya mvua. Alitegemea kukaripiwa kwa kuandika sampuli ya uongo. Mwisho akauliza lile alilotaka kulijua tangu Jumanne, kama tumboni mwake nako ndivyo ilivyokuwa, kama duara lilikuwa linapotea humo ndani wakati yeye anajisifu hatapiki.

"Sijui," alisema Dokta Afrah. "Chupa ni chupa na tumbo ni tumbo, usinitake niseme nisichokijua. Ninachokijua ni kwamba unatetemeka, na mimi nimesimama hapa nakuuliza habari za chupa." Alimwekea kiganja shingoni, akakiondoa upesi, akachukua funguo za gari. Njia nzima alikuwa anamuuliza kama mtoto anacheza.

Hospitali walimkuta na homa ya nyuzi thelathini na tisa na figo la kulia limeshaanza kuguswa. Aliwaambia kuhusu udongo kabla hawajamuuliza, na daktari kijana aliyemhudumia aliandika bila kuinua uso, ila kalamu ilisita kidogo. Waliuotesha mkojo wake. Kijidudu kilichoota humo hakikuwa na habari na rangi mbili; ungekimwagia kopo zima kingeendelea na maisha yake. Kilitoka wapi, kama ni kwa udongo au kwingine, hakuna aliyeweza kumwambia. Walimbadilishia dawa, sindano asubuhi na jioni.

Edgar alifika na vumbi la shule. Vaileth alimwambia akiwa ameangalia ukuta. Edgar alivigeuza vidole vya mkewe, akaviangalia kwenye mwanga wa dirisha.

"Nilikuwa naona weupe kwenye mito, kwenye kanga, kwenye kikombe," alisema. "Nikadhani ni chaki yangu. Nikawa nanawa mara mbili mbili nisikuletee kifua."

Hapo ndipo Vaileth alipolia kweli, na Edgar akamwachia alie. Lile swali la mimba ya kwanza hakuliuliza siku hiyo, wala hajaliuliza mpaka leo.

Mama Kokuberwa naye alikuja na uji wa ulezi. Edgar alikuwa amemweleza. Alikaa kwenye kiti cha wageni amepungua, mikono imelala mapajani, akasema ile ndoo ameshaitupa na gunia amelichoma moto. Alipoaga alichomoa kifurushi kwenye kanga akakisukuma chini ya mto. Ulikuwa udongo, mweusi kama mkaa. Alisema ameuchoma mara tatu. Vaileth alimshukuru kwa heshima, na mama alipotoka akampa Edgar kile kifurushi, akamwomba akitoe nje ya jengo kabisa, sio kwenye kapu la wodini.

Wiki ya ishirini na tano ilipita akiwa kitandani. Aliihesabu siku kwa siku. Ya ishirini na sita ilipoanza alikuwa nyumbani, maumivu yamekwisha, na mtoto anacheza vizuri, ingawa daktari alisema mkojo utapimwa kila wiki mpaka siku ya kujifungua na asijione amevuka. Hakujiona amevuka. Kila asubuhi alipoenda haja ndogo alisikiliza mwili wake kwa woga.

Jumanne akarudi kliniki. Sista Sesilia aliingia na mafaili yake, akasimama mbele ya mabenchi, akauliza nani anakula udongo. Watu wakaangaliana, wakacheka.

Vaileth alinyoosha mkono.

Kicheko kilikatika. Sista Sesilia, ambaye kwa miaka yote ya kuuliza hajawahi kujibiwa, alibaki ameshika mafaili. Vaileth alisimama na kusema alichonacho, bila kumtaja mtu: kwamba alikula usiochomwa, kwamba alikuwa anaumezea dawa, kwamba dawa haikumsaidia na nusura ampoteze mtoto, kwamba kazini kwake ameuona udongo ule ukiimaliza dawa chupani. Yaliyompata tumboni, alisema, yeye hayajui. Hakusema kwa ufasaha. Alipokaa, uso ulikuwa unamuwaka kwa aibu.

Binti aliyekaa kando yake, mimba yake haijaonekana vizuri, alifungua pochi, akatoa kifuko, akamwekea mapajani.

"Dada, huu nao umechomwa?" alinong'ona. "Mie namezea dawa za kuongeza damu."

Vaileth aliugeuza geuza ule udongo. Kwa macho hakuweza kujua, na alimwambia hivyo. Akatoa kalamu, akaandika jina la binti juu ya kifuko, akasema atauchukua akaupime. Mama wa benchi la nyuma akapitisha cha kwake. Mwingine akakitoa kwenye soksi. Kufikia zamu yake ya mzani, Vaileth alikuwa na vifuko kumi na kimoja mapajani, vyeupe, vya kijivu, vyekundu, vyote vina majina ya wenyewe, na joto la mwili wake lilikuwa limeanza kuvipasha. Harufu ya mvua ikapanda.

Mate yalimjaa mdomoni. Alimeza, yakajaa tena.

Alivikusanya vyote kwa mikono miwili, akaviweka juu ya mafaili ya sista Sesilia, akamwomba avifungie kabatini mpaka Dokta Afrah atakapokuja mwenyewe kuvichukua.

"Na funguo usinipe," alisema, "hata nikikuomba."